Sindano ya galvanomita imeenda upande mbaya? Tafuta dalili yako hapa

Umesongesha sumaku kwa koili (waya uliozungushwa mara nyingi) iliyofungwa kwa galvanomita, ile mita ya sindano inayoonyesha karenti ndogo na upande inakoenda. Sindano ikienda kushoto na kwa kitabu ulikuwa umeandika kulia, usikimbilie rabaa. Wengi hufuta, wanaandika kile wameona, alafu likija swali la kueleza kwa nini wanabaki wakitafuna kalamu. Mimi nashughulika na vifaa vya maabara kwa shule moja huku Kisumu na hii maneno inajirudia kila mwaka kidato cha nne wakifika kwa induksheni, yaani kuzalisha karenti kwa sumaku na koili, na naisikia pia kwa mafundi wanaoshika vitu vyenye koili, tofauti tu ni kwamba fundi akikosea upande kuna kitu kinaungua. Nimeyapanga makosa kwa dalili, yaani kile unachoona kwanza, kwa hivyo ruka mpaka ufike kwa yako. Lakini ile sehemu ya kupima na betri isome hata kama haikuhusu, juu hiyo ndio inanasa hata wale wajanja wa darasa.

SINDANO HAISONGI HATA KIDOGO

Hii tuimalize haraka. Karenti inazaliwa wakati tu mistari ya uga wa sumaku, yaani eneo la nguvu yake, inayopita ndani ya koili inaongezeka au inapungua. Sumaku iliyolala ndani ya koili, hata iwe kali namna gani, haifanyi kitu. Sumaku na koili zikisongeshwa pamoja kwa mwendo mmoja, pia bure.

Kama unasongesha sumaku na sindano bado imelala, angalia waya. Ule waya wa kopa tunanunua kwa mafundi wa kurewaindi mota umepakwa vanishi ngumu yenye rangi karibu sawa na kopa yenyewe, mtu anafunga ncha kwa mita bila kukwangua na hapo ameunganisha vanishi na chuma, hakuna njia. Kwangua na wembe au msasa kuzunguka waya wote, usikwangue upande mmoja ukaridhika, alafu upime kama koili inapitisha. Mizunguko kumi na tano pia usiitegemee, weka 300 na kuendelea. Na kama una ile mita ya namba ya bei nafuu, nyingi hubadilisha namba mara 2 au 3 hivi kwa sekunde, na msukumo wa sumaku unapita haraka kuliko hapo, kwa hivyo ile alama ya kutoa unayoiona mbele ya namba inaweza kuwa ya sumaku ikiingia ama ikitoka, huwezi jua. Mambo ya upande yanataka mita ya sindano yenye sifuri katikati.

Wengine wanaleta dainamo ya baiskeli, wanaizungusha kwa kasi, sindano inatetemeka tu pale sifuri wanasema imekufa. Hiyo ni AC, karenti inageuka upande haraka kuliko sindano inavyoweza kufuata. Weka rezista (kile kifaa cha kupunguza karenti) ya kiloomu 10 kwenye njia usije ukachoma mita, alafu zungusha pole pole na kidole, utaiona ikienda huku na huku.

INASONGA, LAKINI KINYUME NA ULIVYOTABIRI

Hapa ndio kuna kazi. Wengi wanaanza kwa kuuliza uga wa sumaku unaelekea wapi, na hilo linakuja baadaye, swali la kwanza ni kama unaongezeka ama unapungua. Heinrich Lenz, aliyekuwa mwanasayansi kule St Petersburg, aliiweka kanuni yake mwaka wa 1834, na ukiitoa mapambo inasema karenti inayozaliwa itaenda upande ule ambao unapinga mabadiliko yaliyoizaa. Yanayopingwa ni mabadiliko. Mwanafunzi anakariri "inapinga sumaku", hiyo inampa jibu sawa sumaku ikiingia, alafu sumaku ikitoka anaandika jibu lile lile na hajui alipotelea wapi. Koili iko kama nyanya kule nyumbani: ukitokea bila kusema anakugombeza mlangoni, ukishakaa hana maneno na wewe, ukisimama uende anakushika mkono ati chai bado.

Basi simama upande wa sumaku, tazama mdomo wa koili. N (ncha ya kaskazini ya sumaku) ikikaribia, mdomo unakuwa N ili kuisukuma irudi, na karenti unayoitazama inazunguka kinyume cha saa. N ikiondoka, mdomo unakuwa S (kusini) ili kuivuta isiende, karenti inafuata saa. Ukiingiza S badala ya N, geuza zote mbili. Kwa kukumbuka, andika herufi N kubwa uweke vishale kwenye ncha zake mbili ukiendeleza mstari, utaona vinazunguka kinyume cha saa, na ukifanya hivyo kwa S vinafuata saa. Mkono wa kulia pia unakubali: kunja vidole vifuate karenti kwenye mizunguko, gumba linaonyesha N iko wapi.

Na ukiandika "kinyume cha saa" andika pia unatazama kutoka wapi. Mzunguko ule ule ukiutazama kutoka nyuma ya koili unafuata saa. Nimeona watu wawili wakibishana mpaka kengele ya chakula ikalia, kila mmoja amekaa upande wake wa meza, na wote wako sawa.

Kama hapo uko vizuri na mita bado inakukataa, sasa shuku vifaa. Anza na sumaku. Ile rangi nyekundu na buluu ni rangi tu, na sumaku za shule zimeangushwa, zimerundikwa kwa sanduku vibaya miaka, zingine zimechoka na zingine hata zimegeuka. Leta dira. Ncha ya sumaku inayofukuza ile ncha ya sindano inayoonyesha kaskazini ndio N. Tegemea kufukuza, usitegemee kuvuta, kwa sababu hata msumari unavuta sindano ya dira. Fanya mbali na dawati la chuma, na usiikaribishe dira sana kwa sumaku kali, sindano yake inaweza kugeuzwa ncha hapo hapo na kutoka siku hiyo dira itakuwa inakudanganya na wewe unaiamini.

Sumaku za kuokota zina mambo yake. Ile ya duara ya spika, ncha zake ziko kwenye zile nyuso mbili bapa, hiyo unaweza kuitumia ukishajua. Balaa ni ile nyembamba inayong'aa kama kijiko kipya, inayotoka kwa hadi diski ya kompyuta. Uso wake mmoja una N sehemu hii na S sehemu ile, zote zinakutazama pamoja. Ukiipitisha mbele ya koili sindano inacheza kulia, kushoto, tena kulia, na hakuna sheria itakuokoa kwa sababu hujui ni ncha gani imekaribia. Ina nguvu sana ndio maana watu wanaipenda, lakini kwa kazi ya upande iweke kando.

Baada ya sumaku ni jinsi koili ilivyofungwa. Koili ya dukani imefunikwa na tepu huoni waya ulianza kuzungukia wapi, na ile umejifungia mwenyewe kwa kipande cha paipu ya PVC uliifunga ukipiga stori. Kuna kosa moja huwa linatokea mtu akimaliza safu ya kwanza: anageuza paipu mwanzo mwisho ili arudi vizuri na mkono aliozoea. Hapo safu ya pili inazunguka kinyume na ya kwanza na zinauana, unabaki na mizunguko mingi inayotoa karenti ya mizunguko michache. Paipu isigeuzwe, safu irudi lakini waya uendelee kuzunguka upande ule ule.

Kufuata waya na macho kunachosha, kwa hivyo tumia betri. Chukua seli moja ya 1.5V, globu ndogo ya tochi iwe kwenye njia usije ukamaliza seli, gusisha kwenye ncha mbili za koili kwa muda mfupi huku dira iko mbele ya mdomo utakaoutumia. Ikiwa mdomo umekuwa N wakati chanya ya seli iko kwenye waya huu, huo waya uite A na upake kuteksi nyekundu, mwingine ni B. Kuteksi inakaa kuliko tepu, na hakuna darasa halina mtu mwenye nayo. Alafu mita: seli ile ile, rezista ya kiloomu 100 kwenye njia, sindano ikikataa kusonga shuka hadi 10. Angalia karenti ikiingia kwa skurubu nyekundu sindano inaenda wapi. Nyingi zinaenda kulia, lakini mita ambayo imewahi kufunguliwa na mtu usiiapie.

NIMEPIMA KILA KITU NA BETRI NA BADO IKO KINYUME

Hii ndio ile niliomba usome. Umefanya yote hapo juu. Waya A umeuweka kwa skurubu nyekundu, B kwa nyeusi. Unajua karenti ikiingia kwa A mdomo unakuwa N, unajua ikiingia kwa nyekundu sindano inaenda kulia. Unaleta N kwa mdomo, Lenz anasema mdomo uwe N, wewe unangoja kulia. Sindano inaenda kushoto bila aibu, kila mara.

Fuata karenti na kidole. Wakati wa betri, ilitoka kwa betri, ikaingia A, ikazunguka koili, ikatoka B, ikarudi kwa betri. Sasa betri haiko, anayesukuma ni koili yenyewe. Ili mdomo uwe N ni lazima karenti izunguke vile vile ilivyozunguka mwanzo, yaani ndani ya koili itoke A iende B. Sawa, ikifika B inaenda wapi? Inatoka nje, inaingia kwa mita kupitia skurubu nyeusi, inatokea nyekundu, inarudi A. Imeingia kwa nyeusi, kwa hivyo kushoto ndio jibu sahihi, na mita yako ni nzima. Kwa hiki chanzo kipya B ndio chanya na A ndio hasi, kinyume na vile betri ilikuwa imefungwa.

Nje ya chanzo karenti inatoka chanya kwenda hasi, hiyo kila mtu anajua. Ndani ya chanzo inatoka hasi kwenda chanya, na hiyo watu huisahau kwa sababu ndani ya seli kavu hakuna mtu huchora mshale.

Kosa hilo hilo linavaa nguo zingine kwa lile swali la fimbo ya chuma kwenye reli mbili. Uga unaingia ndani ya karatasi, fimbo imesimama wima na inasukumwa kulia. Karenti ndani ya fimbo inapanda juu. Alafu swali linauliza ncha gani ni chanya, na mtu anasema ya chini, kwani si karenti inatoka chanya kwenda hasi? Fimbo ndio chanzo hapo. Ncha ya juu ndio chanya. Ukitaka kuamini, fikiria elektroni: karenti ikipanda, elektroni zinasukumwa chini, zinarundikana chini, juu kunabaki na upungufu. Hata ukiondoa reli na kusiwe na njia yoyote ya karenti kuzunguka, ile volteji iko tu na juu bado ni chanya.

INAENDA KULIA ALAFU INARUKA KUSHOTO, INA SHIDA GANI?

Inategemea ulifanya nini na sumaku. Kama uliiachilia ipite katikati ya koili ikaanguka kwa mchanga upande ule mwingine, hiyo ni tabia njema kabisa. Sema koili imesimama wima na N imetangulia. Ikiingia juu, mdomo wa juu unakuwa N, na ukitazama kutoka juu karenti inazunguka kinyume cha saa. Ikifika katikati kuna nukta ambapo hakuna kinachobadilika, karenti ni sifuri. Ikitokea chini inayobaki nyuma ni S, koili inataka kuivuta isiende, mdomo wa chini unakuwa N, na karenti inazunguka kinyume cha saa ukitazama kutoka chini. Sasa mtu anaona "kinyume cha saa" mara mbili anaandika karenti haijageuka. Imegeuka. Moja ulitazama kutoka juu na nyingine kutoka chini, rudi usimame juu kwa zote mbili utaona ya pili inafuata saa.

Mpigo wa pili utakuwa mkubwa kidogo kwa sababu sumaku inatoka na kasi zaidi kuliko ilivyoingia, lakini pia unachukua muda mfupi zaidi, na ukichora grafu eneo la mpigo wa kwanza na la pili ni sawa. Wanaotahini wanapenda hiyo grafu. Michongoko miwili, mmoja juu ya mstari na mwingine chini, wa pili mrefu na mwembamba.

Lakini kama uliingiza sumaku ukaishikilia ndani bila kuitoa, na sindano imeenda kulia, ikarudi, ikapita sifuri kidogo kwenda kushoto, hiyo ya kushoto usiiandike popote. Ni springi ya sindano inajirudisha na kupitiliza. Kinachohesabika ni mruko wa kwanza. (Kama sindano inacheza sana hata ukibeba mita tu, unganisha skurubu zake mbili na kipande cha waya ukiwa unaihamisha. Koili iliyo ndani ya mita ikiyumba kwenye sumaku yake inazalisha karenti, na karenti hiyo inapinga kuyumba. Sheria ile ile, inafanya kazi ya breki.)

KWA KARATASI NAPATA KINYUME KILA MARA

Kila mara, hata bila kukosa? Basi unatumia mkono wa kushoto. Sheria ya Fleming ya mkono wa kushoto ni ya mota, pale karenti iko tayari na unatafuta msukumo. Mkono wa kulia ni wa jenereta, mwendo uko tayari na unatafuta karenti. Gumba ni mwendo, kidole cha kwanza ni uga kutoka N kwenda S, cha kati ni karenti. Wanaoandika na mkono wa kulia wana shida yao, kalamu iko mkono huo kwa hivyo ule ulio huru wa kukunja vidole kwenye chumba cha mtihani ni wa kushoto. Weka kalamu chini kwanza.

Na kama kinyume kinakuja mara nyingine tu, angalia swali linasema nini kinasonga. Gumba ni mwendo wa waya ukilinganisha na uga. Swali likisema waya umetulia na sumaku inapandishwa juu, gumba lako lielekee chini, maana kwa macho ya sumaku waya ndio unashuka. Hapo watu wanapoteza alama bure kabisa.

Mimi mwenyewe, kama swali lina koili, simshughulishi Fleming, natumia Lenz moja kwa moja. Fleming ni mzuri kwa waya mmoja ulionyooka. Ukimlazimisha kwa koili lazima uchague kipande gani cha waya, na hapo ndio mwanzo wa kupotea.

KOILI MBILI, SWICHI MOJA, SINDANO INARUKA HATA NIKIZIMA

Ndio, iruke. Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, aliona hivyo hivyo tarehe 29 Agosti 1831 na pete yake ya chuma iliyofungwa koili mbili zisizogusana: sindano iliruka alipounganisha betri upande mmoja, ikatulia betri ikiwa bado inapitisha, ikaruka tena alipokata. Ukiwasha, uga wa koili ya kwanza unaongezeka na karenti ya koili ya pili inazunguka kinyume na ile ya kwanza. Ukizima, uga unapungua na ya pili inazunguka sambamba na ile ya kwanza ilivyokuwa, inajaribu kuubakisha uga uliokuwepo. Ikiwa imewaka na imetulia, sifuri.

Dalili mbaya hapa ni moja: unasema "sambamba" ukimaanisha kulia na kulia kwenye mchoro. Kwenye pete ya chuma koili moja iko upande huu na nyingine upande ule, kwa hivyo kulia kwa mchoro hakuna maana. Fuata uga ndani ya chuma kwanza, ujue unapita koili ya pili ukielekea wapi, alafu uamue karenti ya pili inataka kuusaidia ama kuupinga. Kama ni riostati (rezista ya kuongeza na kupunguza) badala ya swichi hesabu ni ile ile, kuongeza ukinzani ni kama kuanza kuzima, kupunguza ni kama kuwasha. Na ukisukuma kipande cha chuma ndani ya koili ya kwanza ikiwa imewaka, umeongeza uga, soma hapo kama kuwasha.

DAINAMO IMEKUWA NZITO NIKIUNGANISHA TAA

Mtu analeta baiskeli anasema dainamo inakwama, lakini inakwama tu taa ikiwa imeunganishwa, ukitoa waya gurudumu linazunguka laini. Usifungue beringi. Taa ikiwa imeunganishwa karenti inapita, na karenti hiyo inaelekea upande unaopinga kuzunguka, kwa hivyo mguu wako unalipa mwanga. Ingekuwa upande mwingine, karenti ingesaidia gurudumu kuzunguka, gurudumu lingeongeza kasi, kasi ingeongeza karenti, na tungekuwa tunapata umeme bila mtu kukanyaga pedali. Hapa ndio pa kupimia jibu lolote ulilo nalo shaka: kama upande uliouandika unasaidia mwendo, umekosea. Kule Sondu Miriu mtambo wa umeme wa maji ni wa megawati 60 na ni maneno yale yale, watu wakiwasha vitu jioni jenereta zinakuwa nzito zaidi na maji zaidi yanahitajika ili zisipunguze mwendo. Anayeuza nyama choma na jenereta ndogo nyuma ya kibanda anaisikia na masikio, friji ikiwaka tu injini inaguna.

Ila dainamo ikiwa nzito hata waya ukiwa umetolewa, hapo sasa fungua. Ama ni beringi, ama kuna waya umegusana ndani na karenti inazunguka bila kutoka nje.

TRANSISTA INAKUFA KILA RILEI IKIZIMA

Hii ni ya mafundi na wale wanaojitengenezea inkyubeta za vifaranga. Rilei (swichi inayovutwa na koili) ya 12V inawaka vizuri, inazima mara chache, alafu transista, ile swichi ndogo ya kielektroniki inayoiwasha, inakufa. Ukiuliza unaambiwa "rilei ikizima karenti inarudi nyuma inaua transista". Hapo ndio kuna kosa la upande, na ukilifuata utaweka diodi (kifaa kinachopitisha karenti upande mmoja tu) vibaya.

Karenti hairudi nyuma. Ilikuwa inapungua, na koili inapinga kupungua kwa kuisukuma iendelee upande ule ule ilikokuwa inaenda. Kinachogeuka ni volteji ya koili. Wakati rilei imewaka, ncha ya koili iliyo upande wa chanya ya betri ndio ilikuwa chanya. Ukikata, koili inageuka kuwa chanzo, na tumeshaona chanzo karenti yake inatokea kwa ncha chanya, na hapa inatokea kwa ile ncha ya upande wa transista. Hiyo ncha inapanda volteji kwa ghafla, inaweza kupita volti mia kwa muda mfupi sana, transista ya volti 40 haiwezi kuvumilia.

Dawa ni diodi moja, 1N4007 inatosha, sambamba na koili ya rilei, ule mstari wa rangi ya fedha ulio kwenye diodi uelekee chanya ya betri. Rilei ikiwa imewaka diodi imefungwa, haifanyi kitu. Ikizima, karenti inatoka kwa ncha ya upande wa transista, inapita diodi, inarudi juu ya koili, inazunguka hapo mpaka iishe. Ukiweka mstari upande wa transista ukidhani unazuia "karenti inayorudi", diodi inakuwa njia ya mkato ya betri mara tu transista inapofunguka na unachoma vyote viwili kabla rilei haijalia hata mara moja. Kwa hivyo ukikuta diodi imepasuka na transista imekufa siku ya kwanza, angalia mstari. Ukikuta hakuna diodi kabisa na transista imekufa baada ya wiki kadhaa, iweke. Na kama diodi iko, mstari uko sawa, na transista bado inakufa, hapo koili haina makosa tena, pima rilei inakula karenti ngapi ulinganishe na ile transista imeandikiwa.